Wenyeviti Wawili na Ng'ombe Mmoja

Siku Umoja wa Wakopeshaji wa Kilimo Mlima Meru ulipozaliwa hapakuwa na mkulima hata mmoja karibu, na mkopeshaji aliyekuwepo alikuwa anachokonoa meno. Ulizaliwa Kaloleni, kwenye baa ya nyama choma isiyo mbali na uwanja wa mpira, mchana wa Jumamosi, kwa sababu mtu mwenye pesa alilalamika kwa sauti na mtu asiye na pesa alikuwa meza ya jirani.

Mwenye pesa aliitwa Reginald. Alikuwa na nyumba Njiro yenye ukuta uliogharimu kuliko nyumba yenyewe, na kampuni ya mikopo aliyoipa jina la Neema ya Shamba. Kazi yake ilikuwa kuwakopesha wakulima wa mlimani fedha za mbolea na miche ya kahawa, kisha kungoja mvua ichelewe. Mvua ikichelewa, watu wake walipanda mlima na lori, wakashuka na ng'ombe. Ng'ombe hao aliwafungia kwenye zizi lake kule Terrat, akawa anawauza kwa wachinjaji kila bei ya nyama ilipochangamka. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba analisha taifa. Alilisha taifa kama kupe anavyomlisha ng'ombe.

"Hebu ona, Frederick," alimwambia rafiki yake aliyekuwa anapambana na ubavu wa mbuzi. "Mawakili wana chama. Madaktari wana chama. Bodaboda, jamani, bodaboda! Wana mwenyekiti, akifika mahali watu wanasimama. Sisi tuliobeba kilimo mgongoni, nani anasimama? Juzi kwenye send-off ya mtoto wa jirani nimetambulishwa baada ya mpiga picha."

Mtu mwingine angesikia hapo majivuno na kuendelea na bia yake. Sylvanus, wa meza ya pili, alisikia riziki.

Sylvanus alipanga chumba hapo hapo Kaloleni. Alikuwa na sauti nzito ya mtangazaji wa redio, shati lililopigwa pasi hata siku za njaa, na kazi ambayo hata mama mwenye nyumba wake hakuweza kuieleza. Aliwahi kuuza viwanja vilivyokuwa katikati ya mto. Aliwahi kuandikisha watu kwa ajili ya ajira za meli, mkoa usio na bahari. Ufundi wake wote ulikuwa katika jambo moja: hakumwomba mtu kitu. Alimwacha mtu amwombe yeye.

Alifuta vidole, akainuka, akasogea taratibu kama anayeelekea kaunta.

"Samahani, wakubwa. Sikukusudia kusikiliza. Ila nimeshangaa. Ina maana ninyi hamkupata mwaliko?"

"Mwaliko wa nini?" aliuliza Reginald.

Sylvanus alikunja uso kama mtu aliyejikwaa ulimi. "Aa, basi. Huenda majina bado yanachujwa. Mle vizuri."

Hakufika mbali. Nyuma yake kiti kilisukumwa, na sauti ikasema, "Kaka! Kaka, usiondoke hivyo. Kaa. Unakunywa nini?"

Kabla chupa haijafika nusu, Umoja ulikuwa na jina, mihuri, ofisi na wafadhili kutoka Ulaya. Wafadhili hao, Sylvanus alieleza kwa sauti ya chini, wamechoka kuona wakopeshaji wa kilimo wakinyanyaswa. Wanataka chombo cha kitaaluma, chenye heshima, kitakachosimama na mkopeshaji na kumkumbatia mkulima. Tena wataweka mfuko wa dhamana: mkulima akishindwa kulipa, mfuko unamlipa mkopeshaji.

"Na ng'ombe wake?" Reginald aliuliza haraka.

"Ng'ombe unabaki naye. Si ndiyo dhamana yako?"

Reginald aliweka kijiti cha meno mezani. Kulipwa mkopo na kubaki na ng'ombe! Kidogo machozi yamtoke. Alikuwa amewasubiri Wazungu wa namna hiyo maisha yake yote.

"Na mwenyekiti ni nani?"

"Hicho kiti," alisema Sylvanus, akitazama glasi yake kwa huzuni, "ndicho kinachonikosesha usingizi mimi kama Katibu Mkuu."

Kiti kilinunuliwa pale pale. Malipo yalikuwa ya awamu mbili: ya kwanza mara moja, ya pili siku ya kusimikwa, fedha taslimu ndani ya bahasha, kwa kuwa wafadhili hawapendi kuona uongozi ukilipiwa kwa simu, inafanana na rushwa. Reginald aliona hoja hiyo ina uadilifu mkubwa.

Jumatatu yake kiti hicho hicho kilinunuliwa na Violet, mama wa Kichaga mwenye duka la pembejeo mjini. Violet aliwakopesha wakulima dawa ya kahawa wakati wa maua na kuwachukulia kahawa yenyewe wakati wa mavuno, kwa bei aliyoamua yeye, akiwa amekaa. Naye kidogo alie kama Reginald aliposikia habari za mfuko. Viti vya makamu Sylvanus aliviuza kwa yeyote aliyekuwa na duka, riba na shati safi, Frederick akiwamo, mpaka makamu wakatosha kujaza koasta. Kila mmoja aliambiwa asiseme neno, kwa sababu majina bado yanachujwa. Na kila mmoja alinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alidhani amewazidi ujanja wenzake.

Awamu ya kwanza iliyeyuka upesi. Sylvanus alinunua suti, akachapisha bango na vyeti vyenye nembo ya jembe lililokumbatiwa na mkono, akastarehe kidogo. Matumaini yake yote yalikuwa kwenye bahasha za awamu ya pili. Akishazikusanya, alikusudia kuondoka Arusha na kwenda mahali pasipolimwa kitu.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Wanunuzi walianza kuuliza wakulima wako wapi. Hawakuwapenda wakulima, la hasha, lakini walitaka kupigiwa makofi nao, na picha ziwepo. Hivyo Sylvanus akapanda bodaboda kutoka Tengeru, akapanda mlima kupita migomba na kahawa, akiuliza nani ana sauti kwa wanawake wa huko. Kila aliyemuuliza alimtajia mtu mmoja: Mama Anneth, mzee wa kanisa na kiongozi wa kikundi cha wakulima.

Alimkuta kwenye kihamba chake, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, anapogoa mibuni. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mnene, mwenye kanga mbili na jicho moja lililosinzia. Lile lingine halikusinzia hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na benki gani?"

"Sijatumwa na benki, mama. Mimi ni rafiki wa mkulima."

"Hao ndio walioniachia lile." Alinyoosha panga kuelekea banda la ng'ombe. Lilikuwa tupu, limefagiliwa, majani makavu bado yamo horini.

Akaeleza bila kuombwa, maana hasira yake ilikuwa mbichi. Alikopa Neema ya Shamba fedha za miche mipya. Mvua ikasuasua, akachelewa rejesho. Alikuwa ameshapanga kulipa kwa maziwa, ila hawakungoja. Walikuja akiwa msibani, kwenye mazishi ya shemeji yake, wakamchukua Biharusi, ng'ombe wake wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe kichwani kama shela. Maziwa ya Biharusi ndiyo yaliyomlisha, yaliyomlipia vibarua, yaliyompa cha kupeleka kwa mgonjwa. Sasa yeye, Mama Anneth, alikuwa akinunua maziwa ya pakiti dukani kwa kujificha.

"Na nimesikia yuko Terrat, na wachinjaji wameshakwenda kumtazama. Mwezi huu hauishi watakuwa wamemtundika buchani." Alikata tawi zima la mbuni, lililofaa na lisilofaa. "Ng'ombe mwenye mimba! Watu wale hawana haya."

Sylvanus alitikisa kichwa kwa majonzi ya kitaalamu. Jina la Neema ya Shamba alilimeza kimya. Akaingia kwenye hoja yake: Umoja mpya, viongozi wakubwa, siku ya kusimikwa, wakulima waje wapige makofi, soda zipo, pilau lipo.

"Viongozi wenyewe ni akina nani?"

Alimtajia. Alipofika kwa Reginald alisema haraka haraka, lakini lile jicho lisilosinzia lilikuwa limeshamkamata. Mwenye Neema ya Shamba Mama Anneth alimjua kwa jina. Kisha uso wake ukalainika, ukawa uso wa mama anayemkaribisha mgeni uji.

"Siku ya kazi hampati mtu," alisema. "Njooni Jumapili ya wiki ijayo. Tuna Sikukuu ya Mavuno. Watu wote wapo, turubai zipo, kwaya ipo, matarumbeta yapo. Mtagharamia nini? Ninyi mje tu."

Sylvanus alitaka kumbusu. Umati wa bure, muziki wa bure!

"Ila mtu mkubwa haji mikono mitupu," Mama Anneth aliendelea. "Mtatoa nini?"

"Tutatoa elimu ya mikopo."

"Elimu haipigiwi vigelegele, mwanangu. Leteni ng'ombe. Hata wa kuonyesha tu, mpige naye picha, mumrudishe mnakomjua. Sisi tutafurahi."

"Wa kuonyesha tu?"

"Kwani sisi tunajua nini? Na akiwa mweusi mwenye baka jeupe, ndiyo hasa atapendeza kwenye picha."

Hapo mtu yeyote mwenye akili ya kuvukia barabara angeaga na kukimbia. Lakini tapeli ana ugonjwa wake: anaamini watu wote walizaliwa ili watapeliwe na yeye. Sylvanus alishuka mlimani akipiga mluzi, akamweleza Reginald mpango mzima.

"Ng'ombe wangu apande mlimani?" Reginald aliuliza kwa mashaka.

"Kwa picha tu, bosi. Analetwa, anashikwa kamba na mwenyekiti, kamera zinalia, anarudi Terrat kabla ya jioni. Wafadhili wakiona mkopeshaji anamkabidhi mkulima ng'ombe, mfuko utafunguka wenyewe."

"Yupi sasa?"

"Yupo mweusi mwenye baka jeupe?"

Reginald alifikiri. Alimkumbuka ng'ombe. Aliyenyang'anywa hakumkumbuka, maana hakuwahi kumwona.

Jumapili ikafika. Koasta ilipanda mlima imejaa makamu wa mwenyekiti, kila mmoja na ua la karatasi kifuani na bahasha mfuko wa ndani. Reginald alikuja na gari lake, Violet na lake. Lori likafuata nyuma, Biharusi akichungulia migomba aliyoijua. Sylvanus alipanga mambo hivi: ibada iishe, ng'ombe ashushwe pembeni, picha zipigwe, bahasha zikusanywe, kila mtu aende zake, yeye kabla ya wote.

Ila huko mlimani Sikukuu ya Mavuno ina utaratibu wake, na utaratibu huo haumwulizi Katibu Mkuu. Kila familia huleta ilichovuna: mkungu wa ndizi, debe la mahindi, kuku, mayai. Vitu huingia kwa maandamano kupitia geti kubwa, matarumbeta yakipigwa, vikawekwa mbele. Kitu kikishapita getini na tarumbeta, ni sadaka, hakina tena mwenyewe. Baada ya ibada hupigwa mnada uwanjani, na yai moja laweza kufika bei ya kuku, kuku akafika bei ya mbuzi, na hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa huko ndiko kutoa. Mtu mwenye uwezo hununua kitu kisha akampa mwingine pale pale. Anayenunua na kubeba kwenda nacho kwake husemwa mpaka mavuno ya mwaka unaofuata.

Reginald alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, ila alikuwa Mlutheri wa Njiro. Siku zote alisali ibada ya kwanza, ya asubuhi, na meza ya mnada ilipoanza kutolewa nje alikuwa ameshawasha gari. Sylvanus ndiyo kabisa. Mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa kipaimara, na hata siku hiyo alitoka na kofia ya mtu.

Lori liliposimama, Mama Anneth alikuwa getini, amevaa joho la wazee wa kanisa.

"Mshusheni hapa hapa," alimwamuru dereva. "Mfungeni huu utepe pembeni mwa masikio. Haya, matarumbeta!"

Biharusi akapita getini kwa heshima zote, utepe mwekundu ukipepea, shaba ikinguruma mbele yake. Waumini walisimama. Vigelegele vikapasua anga. Reginald, akiwa kiti cha mbele, aliinua mkono na kuupungia umati. Simu zote zilimwelekea. Sylvanus alipitisha macho vifuani mwa makamu, pale bahasha zilipotuna, akaanza kuzihesabu.

Mchungaji alishika kipaza sauti. "Tunamshukuru Mungu kwa ng'ombe huyu, aliyeletwa na Umoja wa Wakopeshaji wa Kilimo. Mwenyekiti wa Umoja asimame tumwone."

Upande wa kulia akasimama Reginald. Upande wa kushoto akasimama Violet.

Wote wawili walitabasamu, wakapunga, wakageuka taratibu, wakaonana.

"Kaka, kaa," Violet alisema kwa upole wa hatari. "Ameitwa mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimesimama, dada. Kaa wewe."

"Nikae? Mimi? Nimelipia kiti hiki!"

"Umelipia wapi? Mimi nimelipia kiti hiki!"

Wakamtafuta Sylvanus kwa macho. Sylvanus alikuwa anautazama Mlima Meru kana kwamba umeletwa asubuhi ile.

Mchungaji, ambaye hakutaka ugomvi siku ya mavuno, alisema wawili ni baraka kuliko mmoja, akamkabidhi kipaza sauti Mwinjilisti Ndesanjo. Huyo ndiye alikuwa mnadi, mtu mwembamba mwenye koo la kuita watu bonde la pili.

"Ndugu zangu! Leo tunaanza na mkubwa! Ng'ombe wa maziwa, tena ana mimba, nunua mmoja upate wawili! Nani anafungua?"

Reginald aliruka. "Anafungua nini?" alimwuliza Mama Anneth, aliyekuwa ameshajisogeza nyuma ya kiti chake.

"Mnada, baba."

"Wa ng'ombe yule? Yule ni wa kuonyesha!"

"Ameingia na tarumbeta, baba. Ila unaweza kusimama useme. Waambie tu kwamba umemletea Mungu ng'ombe wa picha. Mchungaji akupe kipaza sauti?"

Reginald aliangalia umati, simu na mchungaji. Kipaza sauti hakukitaka.

"Basi mkomboe," Mama Anneth alinong'ona. "Si ng'ombe tu. Atakayemchukua, watu wote hapa watajua ndiye mwenyekiti." Kisha, kwa mwendo wa mtu anayegawa vitabu vya nyimbo, akazunguka hadi kwa Violet, akamwinamia, akamwambia maneno hayo hayo.

Mzee mmoja alifungua kwa bei ya kuku, kwa utani. Watu wakacheka. Reginald alipanda moja kwa moja mpaka bei ya mbuzi ili yaishe. Violet, bila kumtazama, akataja bei ya mbuzi wawili.

"Mwenyekiti wa kushoto amesema!" Ndesanjo alipaza. "Mwenyekiti wa kulia anasemaje?"

Mwenyekiti wa kulia akasema bei ya ng'ombe. Wa kushoto akasema bei ya ng'ombe na ndama. Kwaya, ambayo haikuwa na shughuli nyingine, ikaanza kuimba kila bei ilipopanda, ubeti wa Violet kwa soprano na ubeti wa Reginald kwa besi. Hapo makamu nao wakaingiwa na wazimu. Waliona wazi kwamba atakayeshinda ndiye atakayegawa fedha za mfuko wa dhamana, na wakaanza kuchagua upande. Frederick alichomoa bahasha yake akampa Reginald. Mwingine akakimbilia kwa Violet. Bahasha zilitoka vifuani moja baada ya nyingine, zikapita mbele ya pua ya Sylvanus, na hakuna hata moja iliyosimama kumsalimia.

Alishindwa kuvumilia. Akapenya, akamshika Reginald kiwiko.

"Bosi, tulia. Hiyo bahasha ni ya Umoja."

"Umoja ni mimi!" Reginald alifoka, jasho likimtiririka. "Nitakulipa kesho! Mwinjilisti! Bei ya pikipiki!"

"Pikipiki mpya au ya mkononi?" aliuliza Ndesanjo.

"Mpya!"

Uwanja ukalipuka. Violet alipekua mkoba, akapekua mikoba ya makamu waliokuwa upande wake, akageuza mpaka pochi ya chenji. Hakufika. Alikaa chini, midomo imebana.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Amekwenda kwa mwenyekiti wa kulia!"

Wazee wa kanisa walipita na kikapu kikubwa cha kuchumia kahawa. Bahasha zikaingia humo zote, na karani wa usharika akakibeba kikapu kuelekea ofisini na walinzi wawili kando. Sylvanus alikisindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Alijisikia kama aliyezika.

Reginald alikuwa amepauka, ila alishinda. Akafuta uso, akanyoosha mkono. "Haya, leteni kamba. Nakwenda naye."

Matarumbeta yakanyamaza katikati ya wimbo. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, anamnunua sadaka anaondoka naye?" na mama yake akamziba mdomo.

Violet alikuwa amengoja nafasi kama hiyo. Alisimama, akatabasamu kwa meno yote.

"Jamani, mwenyekiti wetu anatania! Mtu mkubwa namna hii, mlezi wa wakulima, arudi Njiro anaburuta ng'ombe? Amesema anampa mkulima. Nimemsikia kwa masikio yangu!"

Makofi yakaanza upande wake, yakazunguka uwanja mzima. Simu zilisogea zikawa karibu na pua ya Reginald. Alimtafuta mtu wa kumwokoa akakuta makamu wote wanapiga makofi.

"Nampa," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "mkulima."

"Mkulima yupi?" aliuliza Ndesanjo.

Mama Anneth alikuwa ameshaishika kamba. Alikuwa ameshapiga kigelegele cha kwanza. Biharusi alimnusa shingoni, akamlamba kanga, na Mama Anneth, aliyekuwa mkavu tangu asubuhi, akalia waziwazi mbele ya usharika wote.

Sylvanus hakungoja kusindikizwa. Wakati wenyeviti wawili wanakumbuka kwamba kuna mtu wanapaswa kumkaba, alikuwa ameshazama migombani. Alisikia wakiita jina lake. Akasikia magari yakiondoka, na koasta, na lori likishuka tupu. Alipotoka, suti ikiwa na utomvu wa mgomba usiotoka kwa sabuni yoyote, mfukoni hakuwa hata na ya bodaboda.

Akaenda kwa mtu pekee aliyemjua. Mama Anneth alikuwa barazani, Biharusi bandani anatafuna.

"Mama, umenimaliza," alisema Sylvanus.

"Salamu kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu loshoro." Akampa bakuli la mahindi na maziwa mgando, maziwa ya kuazima kwa jirani, ya mwisho kuazimwa. Sylvanus alikula mpaka chini, akapata nguvu ya kusema uongo tena.

"Mama, nimefanya kazi na watu wengi. Sijaona kipaji kama chako. Mimi na wewe tukiungana, hii kanda ya kaskazini yote..."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nauli."

"Kuomba au kukopa?"

"Kukopa, mama. Nitarudisha."

"Dhamana?"

Sylvanus alicheka. Mama Anneth hakucheka. Alikuwa amenyoosha kiganja, na kiganja hicho kilikaa hapo hapo mpaka Katibu Mkuu alipotoa simu yake akaiweka juu yake.

"Na nauli utaipata ukishakata majani ya ng'ombe. Panga lile pale."

Alikuwa ameinama kwenye majani, anakata vibaya sana, simu ilipoita. Jina la Reginald likatokea.

"Usipokee, mama! Ataniua!"

Mama Anneth alibonyeza. "Haloo, Umoja wa Wakopeshaji wa Kilimo Mlima Meru."

Sauti ya Reginald ilisikika mpaka kwenye majani. Haikuwa ya kuua. Ilikuwa ya furaha. "Katibu yuko wapi? Ameona video? Imefika mpaka kwa wakwe zangu! Watu wananiita Mheshimiwa! Mwambie yale mengine nimesamehe. Nataka cheti changu. Na yule Violet amekubali kuwa makamu?"

"Amekataa, mwenyekiti. Anasema kiti hakipatikani kwa ng'ombe mmoja. Jumapili ijayo ni mavuno ya mtaa wa juu, na yeye analeta kahawa yote aliyonayo stoo."

"Kahawa yote?"

"Anasema atakufunika usionekane."

"Kwani wewe nani?"

"Mweka hazina."

"Sikujua tuna mweka hazina."

"Tulikuwa hatuna cha kuweka. Mwenyekiti, Terrat umebaki na ng'ombe wa wakulima wa huku?"

"Wapo. Nitaleta wawili. Aone."

"Wawili na stoo nzima ya kahawa?" Mama Anneth alisikitika. "Haya. Wewe ndiye unayejua heshima yako."

"Wote!" Reginald alipaza sauti. "Mwambie nakuja na wote!"

Mama Anneth akakata simu. Sylvanus alikuwa amesimama wima, panga mkononi, mdomo wazi.

"Mama. Violet amekwambia hayo saa ngapi?"

"Bado sijampigia. Namba yake iko wapi humu?" Alisogeza simu karibu na jicho lisilosinzia. "Na wewe usisimame hivyo. Kata majani, ng'ombe wanakuja."